Mlinzi Nyuma ya Sikio

Luhende alipokuja hospitali kuchukua sufuria zangu, nilikuwa hai. Nimelala chali, macho kodo, mdomo umekwenda upande kama mlango uliong'oka bawaba moja.

"Hodi humu," akasema, mkeka kwapani. "Nimesikia Mzaramo amekufa. Nimewahi vyombo kabla ndugu zake hawajaamka, maana hao kuamka ni saa sita mchana."

Binti yangu Mwantumu alikuwa amekaa kando ya kitanda, macho yamemvimba. "Mzee Luhende, jamani! Mama anaumwa."

"Anaumwa wapi? Huyu anakwepa jembe. Nyie watu wa Pwani mkiona kilimo kinakaribia mnapooza upande mmoja. Mkiona na palizi, mnapooza wa pili."

Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu alimtazama kama anataka kuita askari. Alikuwa binti mdogo, mtu wa kwao mbali, hakujua. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka mababu. Mababu zao walishuka Pwani na mizigo ya watu vichwani, wakapita kwetu wakiomba maji ya kunywa, wakapewa maji pamoja na matusi. Basi hayo matusi ndiyo yamebaki, maji tumeshasahau. Luhende alikuwa jirani yangu hapa Kisarawe, muuza asali ya kwao Tabora, na miaka yote hiyo hakuwahi kuniita kwa jina langu la Sikudhani, wala mimi sikuwahi kumwita kwa lake. Angeniita kwa jina ningejua ana homa.

Nilitaka kumjibu. Wee, nilitaka! Tangu kiharusi kinipige maneno yangu yote yalikuwa ndani, nayaona yamejazana kama kuku kwenye tenga, yananitolea macho, lakini tenga limefungwa kwa nje. Nikitaka maji nasema "kijiko". Nikitaka kijiko nasema "Jumatano". Watu wakija kunitazama wanaongea juu ya kichwa changu kama wanaongea juu ya meza. Shemeji yangu mmoja alisimama hapohapo miguuni pangu akaulizia kanga zangu mpya zitakwenda kwa nani. Nilisikia. Nilimwekea moyoni.

Luhende akainama, uso wake karibu na wangu. Nikaona macho yake yana maji, lakini sauti haikutetemeka. "Mzaramo," akasema, "kama umekufa, sema."

Kitu kikanipanda kutoka tumboni, kikapita koo, kikapita meno.

"Mpagazi!"

Neno zima. Limenyooka, halina ufa. Mwantumu aliruka kama kaumwa na siafu. "Mama! Mama umesema! Sema tena!"

"Mpagazi!"

"Sema maji, mama. Ma-ji."

"Mpagazi."

"Sema Mwantumu."

Nilijitahidi mpaka jasho likanitoka. "Mpagazi," nikamwambia mwanangu wa kumzaa, na Luhende akacheka mpaka akakalia ule mkeka wake.

*

Siku chache baadaye Dakta Nkinda alituonyesha ubongo wangu ukutani. Siku hizi ukuta wa kliniki ndio kioo. Unakaa kwenye kiti, kichwa chako kinawaka mbele yako rangirangi kama kibanda cha vocha. Dakta alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kucha fupi.

"Hapa pameungua," akasema, akigusa doa jeusi upande wa kushoto. "Hapa ndipo bibi alipokuwa anatengenezea maneno. Lakini ukuta wote haukuanguka. Nyimbo, dua, salamu, matusi ya mazoea, hivyo vimetapakaa, vingine viko huku kulia. Ndiyo maana lile moja lilitoka."

"Kwa hiyo mama amebaki na matusi," Mwantumu akasema.

"Ndiyo."

Nikamwona mwanangu anawaza kwamba si mabadiliko makubwa sana.

Dakta akatoa kichupa na kidude cheusi, kidogo kama mbegu ya ubuyu. Dawa ile waliiita Nyoofu. Akatueleza taratibu, nami nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Nyoofu inalainisha ubongo pembeni mwa kidonda, unakuwa tepetepe kama wa mtoto anayejifunza kusema, unaweza kuufinyanga upya. Tabu ya ubongo laini ni kwamba unashika chochote, kama udongo mbichi unavyoshika hata unyayo wa kuku. Ndiyo maana ya ile mbegu nyeusi. Wanaibandika nyuma ya sikio, na kazi yake ni ulinzi. Neno likianza safari kwenda mdomoni, mlinzi analisimamisha: wewe unalingana na kitu chako? Ukiona mlango na neno linalokuja ni "mlango", anafungua, na anadondosha tone la dawa njiani ili kesho lipite kirahisi. Likija "kijiko", anafunga. Akifunga mara nyingi, ile njia inaota majani.

"Na mwisho wa matibabu," Dakta akasema, "kuna sindano ya kufunga. Hiyo inakausha. Mwajua chungu kibichi hakipikiwi, lazima kichomwe. Ikipita siku yake bila kuchoma, udongo unarudi kuwa udongo. Na Nyoofu haifanyi kazi mara mbili kwenye kichwa kimoja."

"Madhara yake?" Mwantumu akauliza.

"Kichefuchefu. Usingizi. Wengine wananyooka mno."

Alitabasamu alipolisema hilo la mwisho, na Mwantumu naye akatabasamu kwa adabu. Hakuna aliyeuliza kunyooka mno ndiyo kufanyaje.

Kisha Dakta akanigeukia mimi, akaniinamia, akaongea kwa sauti kubwa kama mimi ni kiziwi. "Bibi, unakubali tuanze?"

Nilikuwa na maswali kama matano hivi.

"Mpagazi," nikasema.

Ikaandikwa kwamba mgonjwa amekubali.

*

Sitaisingizia dawa. Ilifanya kazi. Asubuhi moja nilitazama bilauri nikasema "Maji", na maji yakaletwa, nikayanywa nikilia. Baada ya maji likaja "uji", likaja "dirisha", likaja "nina baridi", na siku lilipokuja "Mwantumu", binti yangu aliacha sahani ikaanguka, akanikumbatia na mikono yake ya sabuni.

Hujui mtu aliyefungiwa ndani ya kichwa chake anavyoyapenda maneno madogo. Nilikuwa nazunguka nyumba nikitaja vitu kama karani wa mnada. Kiti. Ndoo. Mchwa. Mwantumu ananifuata nyuma anacheka. Jioni tunakaa ukumbini tunaongea mpaka chai inapoa. Alikuwa ameachika zamani, hana mtoto, na wakati wa ugonjwa wangu alikuwa anarudi kutoka kazini anasalimia ukuta.

Pale kliniki nilikutana na wenzangu wa Nyoofu. Kulikuwa na wakili mmoja, amepona kabisa, kanyooka ulimi kama rula, na kazi hakurudi tena. Kulikuwa na mama mmoja mshenga, aliyeozesha nusu ya Maneromango. Sasa akipelekwa kuposa anakaa kimya anatazama zulia, kwa sababu kila akifungua mdomo kumsifu bwana harusi hakitoki kitu. Nilicheka moyoni. Nikasema masikini, wao riziki yao ilikuwa uongo, mimi nina wasiwasi gani?

Halafu jirani akaniletea uji.

Ulikuwa na uvimbe uvimbe. Nikataka kumwambia kama ninavyomwambia siku zote: "Mwenzangu, uji huu umeupika au umeuzaa?" Naye angenipiga kibao cha bega, tungecheka, angekaa. Neno likapanda. Likafika kooni. Likasimama. Nikalisukuma, halisogei. Nikasikia nyuma ya sikio kitu kinafinya, kidogo tu, kama ukucha wa mtoto, na mdomo wangu ukasema:

"Uji una mabonge. Asante kwa kuuleta."

Jirani akachukua bakuli lake akaaga.

Nikajaribu tena kwa mwingine, na mwingine. Kila mzaha ukifika mlangoni mlinzi anauuliza: unalingana? Uji haukuzaliwa. Mpita njia hakuwa mzimu. Kuku wa jirani hawakuwa na digrii. Rudi ndani! Nikawa na tenga jingine la kuku, la pili, limejaa kuliko la kwanza. La kwanza watu walikuwa wananionea huruma. La pili hata hakuna aliyejua kama lipo. Nje nilionekana mzima, bibi mstaarabu mwenye majibu mafupi, na ndani nimekaa nagonga ukuta.

Ukiulizwa swali ndiyo mbaya zaidi. Jibu la kweli linakuja mbio, limelainishiwa njia na dawa, na kulizuia ni kama kuzuia chafya.

Mwantumu alikuwa ananichana nywele siku moja, kichwa changu kipo katikati ya magoti yake. "Mama, mkono wangu mzito?"

"Mzito. Unang'oa nywele."

Akacheka. Akaendelea kidogo, halafu akauliza taratibu, na mimi nikajua linakuja nini, nikashika mkeka kwa mikono miwili.

"Siku ile ulipoamka hospitali. Ungependa umkute nani pale kitandani, mimi au Athumani?"

Athumani ni kaka yake. Yuko Arusha, hapigi simu. Mtoto asiyekuja ndiye anayengojwa, kila mama anajua, na kila mama ana uongo wake wa kulisitiri hilo. Niliufungua mdomo nikitafuta huo uongo. Ulikuwepo, nauona, umevaa vizuri kabisa. Mlinzi akafunga.

"Athumani," nikasema.

Kitana kikasimama. Kisha kikaendelea, polepole sana, mkono mwepesi kama hauko. Hakuwahi kunichana kwa wepesi ule, na sikuwahi kuumia namna ile.

*

Luhende naye alikuja. Alikuwa amekonda, anapumulia mdomoni, lakini kopo la asali mkononi. Alisimama mlangoni akapaza sauti: "Wenye nyumba! Nasikia Mzaramo kafufuka. Nimekuja kuhakikisha, maana tulishakula ubwabwa wa arobaini."

Ndani yangu maneno yalisimama yote kwa pamoja kama watoto wa shule mgeni akiingia.

"Karibu, Mzee Luhende," nikasema. "Kaa. Habari ya afya yako?"

Akanitazama. Akaangalia nyuma yake, labda kuna mtu mwingine amesimama.

"Mzee?" akasema. "Mimi? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Wewe ni mtu mwema."

Akakaa chini kama mtu aliyepigwa. Kwa mtani hilo ni kofi. Mtu mwema unamwita mgeni, au mkwe, au mtu uliyekata naye undugu. Ikabidi Mwantumu amweleze, habari za mlinzi, habari za njia kuota majani. Alisikiliza kichwa chini, anasugua magoti.

"Basi sikia, Mzaramo," akasema mwisho. "Moyo wangu umekuwa mbovu. Wameniambia. Watani zangu wengine hapa wote wameshatangulia, wewe ndiye uliyebaki. Nikifa, usikubali nitolewe kimyakimya kama gunia. Mtu asiyetukanwa siku ya kuzikwa anakwenda kama hakuwa na watu."

Niliogopa kuahidi matusi, nisije nikasema "siwezi".

"Nitakuja," nikasema. Hilo lilipita.

Kesho yake nilikwenda kwa Dakta Nkinda. "Utani hautoki," nikamwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na haya, niliona. "Bibi, utani ni kosa la makusudi. Unaona mtu, unasema punda, na unajua si punda. Mlinzi anaona kosa tu. Makusudi haoni. Nikimlegeza aachie kosa moja ataachia yote, utarudi kuita mlango kijiko."

"Na sindano ya kufunga?"

"Itafunga ulivyo sasa. Maneno yako yote, na mlinzi humohumo, moja kwa moja. Usipochoma, yataondoka. Yatabaki machache."

"Mnaijua hali hii?"

"Tunaijua."

"Hamkusema."

Akatazama kucha zake. "Watu wakiwa bubu, bibi, hawaulizi kama watataniana. Wanataka kuomba maji."

Nilitaka kubisha, lakini alikuwa amesema kweli, na kweli ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho. Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alisema, hanitazami, anatazama barabara, "Mama, hata ukiniambia Athumani kila siku. Sema tu. Mimi siwezi kurudi kwenye ukuta."

Nikamwambia nitachoma. Ilikuwa kweli wakati ule. Vinginevyo isingetoka.

*

Luhende hakuwa na adabu hata ya kufa siku nzuri. Alikufa Alhamisi, na maziko yakawekwa Ijumaa, siku ileile ya sindano yangu.

Nyumba yake ni ya pili kutoka kwetu. Turubai limefungwa kwenye mkorosho, wanawake wamekaa chini, katekista na kitabu chake, jeneza liko ndani sebuleni juu ya viti. Dakta Nkinda alikuja na gari lake la umeme mpaka pale pale msibani, kikasha cha baridi chenye sindano mapajani, kwa sababu dawa ile haingojei. Ikipita adhuhuri haifai tena.

"Choma kwanza, mama," Mwantumu alinong'ona. "Halafu uende ukaseme."

"Nikichoma sitasema. Nataka kujaribu kwanza."

Kwa desturi jeneza la mwenye watani halivuki kizingiti mpaka mtani azuie, aseme yake, watu wacheke, ndipo njia ifunguliwe. Wabebaji walikuwa wameshainua. Dada yake marehemu, Bi Kalunde, aliyefika na treni kutoka Tabora alfajiri hiyo, alikuwa mbele yao na kanga imefungwa kiunoni. Nikaingia, nikasimama mlangoni, mikono imeshika miimo. Nikaona nyuso zinanisubiri, nyingine zimeshaanza kutabasamu kabla sijasema, maana sifa zangu wanazijua.

Nilikuwa nayo. Jamani, nilikuwa na maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo.

"Luhende amekufa," nikasema. "Alikuwa rafiki yangu. Alikuwa anauza asali safi."

Tabasamu zikazimika moja moja. Nikasukuma tena, jasho likanitiririka mgongoni. Ukucha nyuma ya sikio ukafinya.

"Tutamkumbuka kwa wema wake."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Katekista akasema "Amina", hakujua, ni mtu wa kuja. Bi Kalunde alinitazama kuanzia miguuni.

"Mzaramo," akasema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Umekuja kutusomea risala? Ndugu yangu alikufanya nini mpaka unamzika kama diwani? Aliniambia kwenye simu, kuna mwanamke huko Kisarawe, nikifa njoo umsikilize yeye tu. Nimesafiri usiku kucha kuja kusikia asali safi?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limesimama kooni, na nyuma yake la pili, na la tatu, foleni mpaka tumboni, na mlinzi mmoja mjinga ameweka kiti mlangoni. Luhende yuko kwenye sanduku lake, na mimi niko kwenye langu, tofauti yetu ni kwamba lake lina mikono ya kubebea.

Nikapeleka mkono nyuma ya sikio.

"Bibi, hapana!" Dakta Nkinda alikuwa amekuja mpaka kwenye kizingiti, kikasha kifuani. "Ukikitoa kidude hicho leo dawa yote iko wazi, haina wa kuisimamia. Sindano haitakuwa na kitu cha kufunga. Maneno yataondoka. Sikutishi. Yataondoka."

Mwantumu alikuwa nyuma yake. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kama mtoto anayeuliza unakwenda wapi:

"Mama, nitaongea na nani?"

Jibu la kweli likaja mbio na nikaliuma kwa meno. Nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa na cheti chake. Nilimtazama mwanangu, naye akanitazama, na sikuwa na namna ya kumpunguzia hata kidogo.

Nikakibandua. Kilitoka na ngozi. Nikakiweka juu ya jeneza.

Mwanzo hapakutoka kitu. Kisha likatoka "kijiko", na moyo ukaniruka, nikajua nimeharibu yote. Kisha:

"Mpagazi!"

Bi Kalunde akainua kichwa.

"Mpagazi wewe! Babu zako walibeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, hakuna aliyewabeba hata kofia. Wewe leo unabebwa na wanaume wazima wanatoka jasho, na hata asante huna! Mpagazi amegoma! Mmeona wapi, jamani? Mpagazi amepanda juu ya mzigo!"

Mbebaji mmoja alipasuka kicheko, jeneza likainama upande. Nikajitupa chini, nikajilaza kwenye kizingiti, mguu wangu mbovu huku, kanga huku.

"Hapiti! Hapiti kijiko, hapiti mtu! Alikuja kuiba sufuria zangu nikiwa nimekufa. Sasa amekufa yeye, mimi nataka mizinga yake yote, na nyuki wenyewe, wanikute nyumbani wamenawa miguu! Mpekueni humo sandukuni, kajifanya amelala, mjue amelalia sufuria yangu!"

"Mwongo mkubwa!" Bi Kalunde akafoka, machozi yanamshuka na meno yote nje. "Mzaramo ana sufuria? Nyie si mnapikia kwenye ngoma, mkimaliza mnacheza?"

"Tunacheza! Na leo tunacheza juu ya kichwa chako, wewe uliyeletwa na treni kwa sababu siku hizi hata kutembea mmesahau!"

Ukumbi mzima ulikuwa unalia na kucheka, haujui lipi ni lipi. Katekista alikuwa amefunga kitabu, anafuta macho. Dakta Nkinda alikuwa ameegemea mwimo, na yeye, Mungu amsamehe, mabega yanamtikisika, na kile kikasha kimening'inia mkononi kama kifurushi cha sambusa zilizopoa. Nje jua lilikuwa limesimama katikati. Adhuhuri.

Bi Kalunde alinivuta mkono akaniinua. Njia ikafunguka. Luhende akapita, anabebwa.

*

Maneno hayakuondoka siku moja. Yaliondoka kama wageni wa harusi, yale makubwa makubwa yakitangulia. Yakaenda majina ya watu wa mbali, yakaenda "kesho kutwa", likaenda "dirisha". Yaliyobaki mpaka sasa yanaenea kwenye kikombe: maji, mpagazi, sufuria, kijiko, na machache yanayokuja yanapotaka, yakisindikizwa na jasho. Kule ndani yamo yote. Yamejazana kwenye tenga, yananitolea macho, na mlango umefungwa kwa nje kama mwanzo. Sitakudanganya kwamba si gereza. Ni gereza.

Mwantumu hakusema nami wiki nzima. Mwanzo nilidhani ni hasira. Kisha nikamsikia jikoni anajisemea peke yake, anatafuta kitu, "Hiki kimpagazi cha chumvi kimekwenda wapi," na nikagonga ukuta kwa bakora kumwonyesha kabatini. Akakipata. Tukatazamana. Toka hapo tunaongea hivyo. Mpagazi akipanda sauti ni swali, akishuka ni usingizi, akigongwa na bakora ni shemeji amekuja.

Jana alinikalisha katikati ya magoti yake, akaanza kunichana. Halafu akauliza kwa ile sauti nyepesi mtu anayoitumia akibeba kitu kizito.

"Mama. Ungeamka leo hospitali. Ungetaka umkute nani?"

Nilikwenda kulitafuta. Nililifuata ndani huko mbali, nikipita yale mengine yote, na lile la kweli limekaa hapo mbele limenipungia mkono, nikalipita pia. Ilichukua muda mrefu. Kitana kimesimama kinangoja.

"Wewe," nikasema.

"Mwongo wewe!" Mwantumu akasema. Akacheka, akacheka mpaka akaweka paji la uso wake juu ya kichwa changu, nikasikia nywele zinalowana. Kisha akajifuta, akashika kitana vizuri, akakizamisha mpaka kwenye fuvu, akavuta.

"Mkono wangu mzito, mama?"

Nikatikisa kichwa: la, hata kidogo. Macho yananitoka.